Divai ya Wifi Luisa

Tadea Ndunguru wa Mapera alikuwa na miaka hamsini na mmoja siku alipomwona wifi yake kwa mara ya kwanza, na alishamchukia kabla hajashuka garini.

Wanaomjua Tadea wangeshangaa kusikia hivyo, kwa sababu hakuwa mtu wa chuki. Mama yao, Aurelia, alifariki Tadea akiwa kidato cha pili kwenye shule ya masista. Alikuja mazikoni na begi lake la shule, akamkuta mdogo wake Hamphrey, mtoto wa miaka minane, amejikunyata jikoni na hajala tangu jana. Baba yao, mzee Tarsisi, katekista na mkulima wa kahawa, hakumwambia aache shule. Siku ya tatu baada ya mazishi alimwuliza tu, kwa upole kabisa, ni nani sasa atakayempikia mtoto. Tadea alichukua ndoo. Alikwenda kuchota maji, na masista hawakumwona tena darasani.

Kuanzia hapo alikuwa mama wa Hamphrey na mikono ya baba yake. Alijifunza kupogoa mibuni na kuchuma ile iliyoiva tu, na kuimenya kahawa siku hiyo hiyo kabla haijachacha. Zaidi ya yote alijifunza kuianika. Vichanja vyake, meza ndefu za miti na wavu zilizopangwa mteremkoni chini ya nyumba, vilijulikana kijiji kizima. Mabwana shamba walikuwa wakileta wakulima wengine wavione. Mwanamume mmoja wa ziwani aitwaye Dastan, mwalimu, alikuja mara mbili kumposa. Mara zote mbili Tadea alimwambia angoje Hamphrey amalize shule. Mara ya tatu Dastan hakuja. Alioa kwao Mbamba Bay, na Tadea aliposikia habari hizo alikuwa juu ya kichanja anachambua kahawa mbovu. Akaendelea kuchambua.

Hamphrey alikuwa na akili. Alikwenda seminari, akapelekwa Italia kusoma zaidi, mji wa Verona, na siku ya kuondoka mzee Tarsisi alilia mbele za watu. Baada ya miaka mitatu ikaja barua kwamba masomo ya upadri ameyaacha. Mzee hakusema neno kwa wiki nzima. Kisha ikaja habari kwamba anafanya kazi kwenye shamba la zabibu, halafu kwamba ameoa binti wa mwenye shamba. Mzee alianza kusema tena, na alipoanza hakunyamaza. Kila aliyepita njiani aliambiwa kwamba Hamphrey yuko kwenye shamba la divai, shamba la ukoo, nyumba ya mawe, watu wazito. Tadea alikuwa anasikia akiwa kwenye vichanja vyake.

Miaka sita baada ya ndoa, mwezi Julai, mavuno ya kahawa yakiwa ndiyo kwanza yamepamba moto, Hamphrey akaja na mkewe.

Luisa alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mikono mikubwa, kucha fupi. Alipiga goti mbele ya mzee, akasema, "Shikamoo, baba," kwa Kiswahili kilichokwenda taratibu lakini hakikukosea. Mzee aliitikia huku macho yanamlowa. Hakumwangalia Tadea aliyekuwa amesimama kando na sinia la maji ya kunawa.

Jioni ile, baada ya chakula, Hamphrey alifungua sanduku na kutoa chupa tatu zilizofungwa ndani ya masweta. Alizipanga mezani moja moja, kwa uangalifu, kama mtu anayelaza watoto.

"Baba, hii ndiyo kazi yetu," alisema. "Inaitwa Amarone. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la uchungu, kwa sababu haina sukari kama divai nyingine. Zabibu zake hazikamuliwi zikichumwa. Zinaanikwa kwanza, miezi mitatu au minne, mpaka zinanyauka. Ndipo zinakamuliwa, na divai inalala kwenye mapipa ya mbao miaka. Hizi zabibu nilizigeuza kwa mikono yangu, mavuno yangu ya kwanza kule."

Mzee aliishika chupa. Maishani mwake divai ilikuwa kitu cha padri, kitu kilichokaa kwenye kikombe cha altare, na sasa ilikuwa imelala mapajani pake.

"Pameandikwaje hapa?" aliuliza, kidole juu ya karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.

"Zorzan ni jina la baba yake Luisa. Hapa wameandika: Zorzan na Binti."

"Na nani?" Tadea aliuliza kutoka mlangoni.

"Na binti, dada. Luisa. Baba yake alipoanza kuzeeka alimwandikisha shamba, akabadilisha na jina la kwenye chupa."

Tadea aliondoa sahani. Jikoni aliziosha, akaziosha tena. Neno hilo moja lilikuwa limemwingia kama mwiba, na kila alivyojaribu kulitoa ndivyo lilivyozidi kuzama. Kwa hiyo kulikuwa na nchi ambako baba alimtazama binti yake akasema, hili ni lako. Na binti mwenyewe ndiye huyu aliyekaa kwenye kiti cha mzee, anakunywa chai iliyopikwa na Tadea.

Asubuhi Luisa alimfuata kwenye vichanja na simu yake mkononi. Alimwonyesha picha za vilima vilivyokatwa ngazi kwa kuta za mawe na mizabibu imepangwa mistari. Ilikuwepo nyumba ya mawe yenye dari kubwa, chumba cha juu chini ya paa chenye madirisha pande zote, na ndani ya dari hiyo, kutoka sakafuni hadi juu, zabibu nyeusi zimetandazwa tabaka kwa tabaka.

"Hivyo ni vichanja," Tadea alisema kabla hajajizuia.

"Ndiyo, wifi," Luisa alisema, akafurahi. "Kama vyako. Hamphrey alipokuja kwetu hakufundishwa. Alijua kugeuza, alijua kunusa ukungu. Baba yangu alimwuliza, umejifunza wapi? Akasema, kwa dada yangu."

Mwingine angefarijika kusikia hayo. Tadea aliona kama ameibiwa mara ya pili. Maarifa yake yamevuka bahari, yamempatia mdogo wake mke, yamewekwa kwenye chupa, na yeye hakupata hata salamu.

Sherehe ya kumkaribisha Luisa ilipangwa Jumapili baada ya misa. Mzee alitaka samaki wa ziwani, mbasa, si samaki wa kukaushwa wa sokoni. Alhamisi Tadea alijitolea kwenda Mbamba Bay kuwachukua yeye mwenyewe na kurudi Jumamosi. Hamphrey alikuwa akizunguka Mbinga mjini na rafiki zake wa zamani, na mzee hakuwa tena na magoti ya kushuka mteremkoni. Kahawa iliyokuwa vichanjani ilikuwa katika siku zake mbaya, ile ya ganda iliyokwisha kuoshwa na kuanza kukauka, ambayo ikipigwa na jua kali la adhuhuri ganda hupasuka na bei yake kuanguka. Kila siku, jua linapopanda, lazima ifunikwe.

"Nitaiangalia mimi," Luisa alisema. "Niambie tu cha kufanya."

"Ukigeuza kwa mkono kila baada ya muda inatosha," Tadea alimjibu. "Jioni funika, umande usiingie."

Ya adhuhuri hakuyasema. Haikuwa bahati mbaya. Alikuwa ameyashika mdomoni, akayameza, akapanda gari la kuteremka ziwani. Ilikuwa kahawa yake mwenyewe, jasho la mwezi mzima. Alikuwa tayari ipotee, mradi mzee Tarsisi asimame pale juu na kuona kwamba binti wa shamba la ukoo hawezi kukausha magunia machache ya kahawa.

Mbamba Bay alinunua mbasa wanane na debe la usipa, dagaa wadogo wa ziwani. Akiwa anawafunga kwenye majani, alisikia mtu anamwita kwa jina. Alikuwa Dastan, nywele zimekuwa nyeupe, amevaa kofia ya jua, anasubiri samaki wake pale pale.

"Nasikia Hamphrey amekuja," Dastan alisema baada ya salamu. "Na mke wa Kizungu. Wana shamba kubwa?"

"Kubwa."

"Alikuwa mtoto mwenye akili yule. Msalimie sana."

Alimtakia safari njema, akaondoka na samaki wake. Hakumwuliza yeye anaendeleaje. Tadea alisimama na kamba mkononi, akaona kwamba hata huyu, ambaye alimkosa kwa sababu ya Hamphrey, alichotaka kujua ni habari za Hamphrey.

Aliporudi Jumamosi hakuingia nyumbani kwanza. Aliweka mizigo njiani akateremka moja kwa moja vichanjani. Ilikuwa kama saa saba mchana, jua limesimama utosini, na vichanja vyote vilikuwa vimefunikwa kwa mikeka na magunia, pembe zake zimebanwa na mawe. Luisa alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mgomba, khanga ya Tadea kichwani.

Tadea aliinua mkeka mmoja. Aliteka kahawa kiganjani, akaitazama punje kwa punje. Ganda lilikuwa zima, jeupe, safi. Akainua mwingine. Vile vile.

"Nani alikwambia uifunike?" aliuliza.

"Hakuna mtu. Alhamisi saa sita nilisikia inalia. Ta, ta, ta." Luisa aligusa sikio lake. "Nikaogopa. Nyumbani zabibu hatuziweki juani, zinataka upepo tu. Nikachukua mikeka ya chumbani kwako. Samahani, wifi."

Kulia kwa ganda juani Tadea alikuwa amechukua miaka minne kukusikia. Huyu alikusikia siku ya kwanza. Alisema, "Umefanya vizuri," akaurudisha mkeka mahali pake.

Jumapili uwanja ulijaa. Palikuwa na wali, ugali, ndizi, mbasa wa kuchoma na wa nazi, ulanzi, pombe ya mianzi, ndooni, na mbele ya mzee Tarsisi chupa za divai. Hamphrey alizifungua saa moja kabla, akisema divai inataka kupumua, na watu walicheka. Akamiminia wazee kidogo kidogo kwenye vikombe vya chai. Alimpelekea na Tadea kikombe chake jikoni.

Tadea aliomba kimoyomoyo iwe mbaya. Akaonja. Ilikuwa nzito, kali kidogo, halafu ikabaki kinywani muda mrefu, ladha kama ya tunda lililosahauliwa mahali pakavu na likawa tamu zaidi. Ilikuwa nzuri. Alijua mkono wa kuanika unavyosikika katika kitu, na mkono ule aliufundisha yeye. Aliimaliza, kwa hasira, akabeba sinia la samaki akatoka nje.

Mzee alikuwa amesimama na kikombe chake, anazungumza.

"Hii ni divai ya watu wenye shamba lao," alisema. "Nilikuwa nasikia, leo nimeonja. Na mkwe wangu huyu, mnaona vichanja kule chini? Amenikaushia kahawa siku tatu, hakuharibu hata punje moja. Nashukuru. Hamphrey amepata mke wa kulitunza shamba lake nikishaondoka."

Watu walipiga makofi. Tadea aliliweka sinia juu ya meza.

"Shamba la nani, baba?"

Alisema bila kupaza sauti, lakini waliokuwa karibu walinyamaza, na wa mbali wakanyamaza kwa kuwaona hao.

"La mdogo wako," mzee alisema, akishangaa. "Ni mwanangu wa kiume. La nani jingine?"

"Na mimi?"

"Wewe upo nyumbani, Tadea. Nani amekufukuza?"

"Miaka thelathini na nne nimeanika kahawa kwenye vichanja vile. Hujasimama hata siku moja mbele ya watu ukasema hakuharibika punje. Huyu siku tatu." Alimwonyesha Luisa kwa kidevu. "Hata kwao, baba, wamemwandika binti. Umeshika chupa yenyewe mkononi, umesomewa, na hukusikia."

Akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake.

Jumatatu hakutoka. Kulikuwa na kahawa iliyomenywa Jumamosi jioni, imo kwenye pipa la maji ikisubiri kuoshwa, na zaidi ya Tadea hakuna aliyejua iliingizwa saa ngapi wala iondolewe saa ngapi. Hamphrey alikuja mlangoni, akaita dada, dada, akaondoka. Jumanne harufu ya kuchacha ilifika hadi chumbani. Tadea alilala akiinusa, na kila kiungo chake kikimvuta kuamka, lakini hakuamka. Luisa alijitahidi na vichanja. Pipa hakulijua. Kwao mapipa ni ya divai, si ya kulowekea kahawa.

Jumatano asubuhi alisikia fimbo ya baba yake sakafuni. Mzee aliingia na suruali imeloa matope hadi magotini. Alikuwa ameshuka mwenyewe mteremkoni, na miaka yake themanini na minne.

"Imeharibika," alisema.

"Najua."

Alikaa kwenye kiti cha pembeni, akahema.

"Nilidhani unajua kwamba shamba ni lako. Wewe ndiye uliyemo."

"Ningejuaje, baba? Hukusema."

"Mtu anasema jambo linaloonekana?"

"Kwa Hamphrey ulilisema. Mbele ya watu."

Mzee alikwangua matope ya suruali kwa ukucha. Kisha akamwita Hamphrey, akamwita na Luisa, wote wakabanana ndani ya chumba kile kidogo.

Tadea alitegemea kwamba Hamphrey angesema, chukua lote, dada. Alikuwa amemlisha, amemvisha, amempeleka seminari kwa viatu alivyomnunulia yeye. Hamphrey hakusema hivyo.

"Lote siwezi, baba," alisema, macho chini. "Nisameheni. Kule mimi ni mume wa Luisa tu. Wananipenda, lakini nikifa pale hakuna jiwe hata moja ambalo mtu ataonyesha aseme hili lilikuwa la Ndunguru. Nataka pawe na mahali."

Tadea alimtazama mdogo wake, mtu mzima mwenye mvi masikioni, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba naye kuna kitu kimemkaba. Hakumwonea huruma sana. Lakini alikiona.

Waligawa. Mzee alitembea nao shambani, Hamphrey amemshika kwapa, akaweka mpaka kwenye mfereji unaokata shamba katikati. Upande wa chini, wenye vichanja, pipa na mibuni ya zamani, ukawa wa Tadea. Upande wa juu, wenye mibuni mipya aliyoipanda Tadea mwenyewe miaka mitano iliyopita, ukawa wa Hamphrey. Wajumbe wa kijiji walikuja kupima, na kwenye fomu ya hati ya kimila ya kumiliki ardhi karani aliandika jina lake lote, Tadea Tarsisi Ndunguru. Tadea alimwomba amsomee mara mbili.

Siku moja kabla ya wageni kuondoka, yeye na Luisa walikuwa wakichambua kahawa pamoja. Tadea alisema bila kuinua uso:

"Ile habari ya kufunika mchana. Nilijua. Sikukwambia makusudi."

"Nilijua hukuniambia," Luisa alisema.

Tadea aliacha kuchambua.

"Baba yangu ana dada," Luisa aliendelea, akitafuta maneno. "Shangazi Bruna. Hakuolewa. Alikaa na zabibu kwenye dari ile miaka arobaini. Baba aliponiandika mimi, shangazi hakusema kitu. Lakini mwaka ule hakunifundisha siku za ukungu nifunge madirisha yapi. Nusu ya zabibu zilioza. Baba alinigombeza mimi." Alitupa punje mbovu chini. "Kwa hiyo uliponiambia maneno machache kiasi kile, nikasema moyoni, hapa lazima nikae karibu."

"Yuko wapi sasa huyo shangazi?"

"Yuko nyumbani. Mzee sana. Hataki kuinywa ile divai. Anakunywa ya dukani."

Tadea alicheka, cheko fupi lililomtoka bila ruhusa. Alimwona kabisa huyo mwanamke, amekaa mezani na chupa yake ya dukani mbele ya ukoo mzima. Kwa wifi yake moyo haukufunguka wote, wala siku ile wala baadaye. Lakini walipoagana alimfungia kahawa aliyoichambua kwa mkono, vifurushi viwili, akasema kimoja ni cha Bruna.

Msimu uliofuata mibuni ya upande wa juu ilizaa kupita kiasi. Ilikuwa bado michanga, imepata mbolea ya Tadea na mvua nzuri, matawi yamelala hadi chini. Ya upande wake, ya zamani, ilizaa ya kawaida tu. Kila asubuhi alisimama kwenye mfereji akiitazama ile iliyo ng'ambo, roho ikimuuma. Mzee alimwuliza mara mbili kama palizi ya juu imeanza, naye alisema hajui.

Hamphrey alipopiga simu mwezi Mei, akauliza shamba linaendeleaje, alimjibu kwamba lake linaendelea vizuri.

"Na la juu, dada?"

"La juu lina magugu. Litafutie mtu wa kupalilia."

Hamphrey alicheka, akidhani ni utani. "Nimtafute nani mimi, nikiwa huku?"

"Sijui, mdogo wangu," Tadea alisema. "Mimi nina langu."

Akakata simu, akachukua jembe, akateremka upande wa chini.